Ana IGCSE, AS nusu na IB nusu: amalizie wapi kabla ya kuomba chuo kigumu?

Kakangu kaja Ijumaa baada ya swala na bahasha ya kaki, hata chai hajanywa, kaimwaga yote juu ya mkeka barazani kwangu hapa Chumbageni, akaniambia dada hebu nisomee hivi vitu maana mi naona karatasi tu. Zilikuwa karatasi nne. Cheti cha IGCSE, ule mtihani wa kimataifa wa ngazi ya kidato cha nne, masomo 8, safi kabisa. Karatasi ya matokeo ya AS, yaani nusu ya kwanza ya A Level ya Cambridge, masomo matatu, baiolojia a, kemia b, fizikia c, zote herufi ndogo (kakangu akadhani herufi ndogo ni makosa ya printa, hapana, AS ndo huandikwa hivyo, na kubwa yake ni a, hakuna nyota). Ya tatu ripoti ya miezi minne ya IB, ule mfumo mwingine wa kimataifa wa kumalizia sekondari kwa miaka miwili. Ya nne transkripti ya Kiarabu yenye muhuri wa bluu uliochovya wino mpaka umevuja upande wa pili.

Kijana ana miaka 17, kasoma Muscat maisha yake yote, mkataba wa baba ukaisha Desemba wakarudi Tanga. AS alifanya Juni, Septemba wakamhamisha shule wakampeleka ya IB kwa sababu ilikuwa karibu na nyumbani, sijui nani alitoa ushauri ule. Anataka udaktari. Kwanza chuo cha Muhimbili, na kama Mungu akijaalia Uingereza. Wifi yeye anataka Marekani kwa sababu ana binamu yake Ohio.

Mimi nafundisha tuisheni ya kemia, na Tanga hii kila mtaa una mtu Muscat au Dubai au London, kwa hiyo watoto wa namna hii napokea kila mwaka, kila mmoja na bahasha yake. Nimeona niandike ulinganisho mzima hapa maana maswali ni yale yale.

Kabla hatujaenda kwenye njia zenyewe, kuna dhana moja niiondoe. Wazazi wengi wanaogopa mchanganyiko, wanasema chuo kitamuona mtoto hajatulia. Mi nnavyoona mchanganyiko hauna shida sana, shida ni kutomaliza. Chuo kigumu kinataka kione kitu kimoja kizima, mtihani mmoja uliokamilika ambao kinaweza kuuweka mezani na kuulinganisha na wa watu wengine, hayo mengine yanakuwa maelezo ya pembeni. Ila nusu ya huku na nusu ya kule hazijumlishwi zikawa moja. Najua kuna mtu ataleta habari za pointi za UCAS, wale wanaopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, kwamba A ya A Level ni pointi 48 na 6 ya HL (somo la kiwango cha juu) kwenye IB nayo ni 48, sasa si tunajumlisha tu? Kwa vyuo vya kawaida unaweza ukabahatika, lakini vigumu havihesabu kwa pointi hizo. Udaktari wa Oxford wanakuambia A*AA, na kwa IB wanakuambia 39 na HL ziwe 7, 6, 6. Cambridge wao A*A*A. Hapo utaingiza wapi nusu yako?

Haya, njia ya kwanza, kumalizia A Level. Nianze nayo kwa sababu ndo ina saa inayogonga.

AS ya Cambridge ni nusu ya A Level, asilimia 50 kamili, na ukiwa nayo unaweza kuibeba ukamalizia nusu ya pili baadae, ila hiyo ruhusa ya kubeba ni miezi 13 tu. Kijana wetu AS yake ya Juni, kwa hiyo akikaa mtihani wa Juni hii anabeba. Akisema apumzike kwanza afanye wa Oktoba/Novemba imekula kwake, miezi itakuwa imezidi 13, na itabidi arudie mpaka zile pepa za AS alizokwishafaulu. Watu wengi hawalijui hili, wanafikiri cheti cha AS kikishatoka kinakaa milele kama cha kuzaliwa. Cheti chenyewe kinakaa, lakini kumalizia juu yake ndo kuna mwisho.

Sasa utamu uko hapa. Kwenye sayansi za Cambridge pepa ya praktiko, yaani ile ya kusimama maabara na byureti na kipima joto, ni pepa ya 3, na iko AS. Zinazobaki nusu ya pili ni pepa ya 4 na pepa ya 5. Pepa ya 5 wanaiita ya kupanga jaribio na kuchambua matokeo lakini ni ya kuandika, unakaa mezani na kalamu, hakuna maabara. Kwa mtoto anayesoma nyumbani Tanga kama mtahiniwa wa kujitegemea hii ni neema maana maabara ndo inayowaangusha wa kujitegemea wote, vituo vingine vinakukatalia kabisa ukisema una praktiko. Yeye praktiko kashaifanya Muscat, imo ndani ya ile asilimia 50. Kilichobaki ni pepa ya 4, yenye asilimia 38.5 ya A Level nzima, na pepa ya 5 yenye 11.5. Unaweza kuzisomea barazani.

Ubaya wake upo. Ile c ya fizikia anatembea nayo. Alama za AS zinabebwa kama zilivyo, kwa hiyo hata akitisha nusu ya pili, kupandisha mpaka A ni mlima. Akitaka kuirudia AS ya fizikia inabidi aifanye pamoja na pepa ya 3, tumerudi maabara. Mimi nimemwambia waziwazi, baiolojia na kemia tunaweza kuzipigania A, fizikia tukipata B tutachinja kuku. Na kwa herufi hizo Oxford na Cambridge za udaktari asizipigie hesabu, aangalie vyuo vingine vya Uingereza ambavyo navyo si mteremko, AAA ni kawaida kwa udaktari. Baba mtu alinuna kidogo hapo.

Ubaya mwingine ni kituo. Vituo vya kupokea watu wa kujitegemea wengi wetu tunaishia Dar, kilomita kama 350 na basi la asubuhi, halafu pepa za masomo matatu hazikai siku moja, zinatawanyika Mei mpaka Juni, kwa hiyo unahesabu na mahali pa kulala. Kituo kipya kitataka namba ya kituo cha zamani na namba ya mtahiniwa ili AS ibebwe, zote ziko kwenye ile karatasi ya matokeo, msiitupe. Na usajili wa mtihani wa Juni unafungwa Februari, ukichelewa unalipa faini ya maana. Ndo maana nasema saa inagonga.

Njia ya pili, kuendelea na IB. Niseme ukweli IB ni elimu nzuri, pengine ndo nzuri kuliko zote kwa mtoto anayependa kuandika na kubishana. Masomo sita, matatu ya HL na matatu ya SL (kiwango cha kawaida), kila moja linapewa 1 mpaka 7, juu yake kuna insha ndefu ya maneno 4,000 na somo la nadharia ya maarifa, hivyo viwili kwa pamoja vinaleta pointi 3, jumla 45. Cheti unapata ukifikisha angalau 24 pamoja na masharti mengine, mfano HL zako zifike 12. Kuna na shughuli za sanaa, michezo na kujitolea ambazo hazina pointi lakini usipozifanya hupewi diploma, kuna mtoto namjua ilibaki kidogo akwame kwa ajili ya hizo wakati kwenye masomo alikuwa kinara.

Nchini ipo. UWC East Africa, shule ya mtandao wa kimataifa wa UWC, wana kampasi Moshi na Arusha na wana IB, na watu wa UWC wana kamati ya taifa inayochagua vijana na kuwatafutia ufadhili, hata kumpeleka shule ya UWC nchi nyingine. Bila ufadhili ada ya IB usiniulize, kaa kitako kwanza ndo uulize.

Lakini kwa huyu wetu IB ina mambo mawili. La kwanza ni dogo, hiyo miezi minne aliyosoma haina cheti wala alama ya kubeba kama AS. IB inahesabiwa mwisho, mitihani ya mwaka wa pili na kazi zake za ndani. Akipata shule yenye masomo yale yale kwa kiwango kile kile wanaweza kumchukua katikati ya mwaka wa kwanza, asipopata anaanza upya Agosti, na hapo anamaliza karibu na miaka 20.

La pili ndo kubwa na ndo lililonifanya nisimame nikazunguka uwanja. IB ina makundi sita, sayansi ni kundi la 4, na kundi la 6 la sanaa unaruhusiwa kulibadilisha ukachukua sayansi ya pili. Kwa hiyo kwa mpangilio wa kawaida unapata sayansi mbili. Mbili! Shule yake ya pili Muscat ilimpa baiolojia na kemia, fizikia wakaitoa wakamwekea uchumi. Sasa Muhimbili udaktari wanataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Uingereza wao kemia na mara nyingi baiolojia zinatosha, kwa hiyo mshauri wa shule akiwa na akili ya Uingereza kichwani hawezi kuona tatizo, mtoto anamaliza na pointi 40 zake anarudi nyumbani anaambiwa fizikia iko wapi. Kuna utaratibu wa kuomba IB ruhusa ya diploma isiyo ya kawaida kwa ajili ya masharti ya chuo, lakini unaombwa na shule, mapema, na kwa ushahidi wa chuo unachokwenda. Mzazi mwenye mtoto IB anayetaka udaktari wa Tanzania, hili swali uliulize wiki ya kwanza, usingoje mahafali.

Nikamuuliza kijana, wakati wanakutoa fizikia uliwaambia unataka kurudi Tanzania? Akasema, "Shangazi, mi mwenyewe sikujua kama tunarudi." Basi sikuwa na la kusema.

Njia ya tatu ni ya nyumbani, kidato cha tano na sita, kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Hii unaanzia NECTA, baraza la mitihani, unaomba ulinganifu wa IGCSE kwenye mfumo wao wa mtandaoni, wanakupa barua inayosema matokeo yako ni sawa na nini kwa kidato cha nne. Kwa anayejua atasoma Tanzania na hana pesa ya mambo ya Cambridge hii ndo njia ya akili, tena tangu 2022 serikali imeondoa ada kidato cha tano na sita kwenye shule zake. Kasoro ni kwamba kupangiwa shule za serikali kunafanywa na TAMISEMI kutoka matokeo ya kidato cha nne ya hapa hapa, mtoto wa IGCSE kwa kawaida anaangukia shule binafsi. Masomo yanaanza Julai, miaka miwili, mtihani Mei.

Faida yake ni kwamba hakuna mtu atakayekuuliza swali ukienda kuomba chuo hapa. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kiwango cha chini kabisa cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya 4, halafu kila chuo kinaongeza cha kwake juu, na Muhimbili unajua mwenyewe wanavyogombania. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, ni kwa anayesoma vyuo vya ndani, na hapo hata wa A Level ya Cambridge anaweza kuomba akishapata ulinganifu wake. Hasara, ukibadili mawazo ukataka Uingereza kuna vyuo vitakavyokutaka upite mwaka wa maandalizi kwanza, hebu fikiria, umeshamaliza kidato cha sita unalipia mwaka mwingine kwa pesa ya Uingereza. Na kwa huyu wetu maana yake ni kutupa AS tatu alizokwishafaulu na kuanza moja. Roho inaniuma hata kuandika.

Ya nne, Marekani ya wifi. Sitakaa sana hapa kwa sababu moja tu, kule udaktari hausomwi ukitoka sekondari. Unasoma shahada ya kwanza miaka minne ndo unaomba shule ya udaktari, ambazo wageni wanachukuliwa wachache mno. Kwa mtoto anayetaka uhandisi, hesabu, uchumi au ambaye hajajua anataka nini, Marekani ndo inayosamehe mchanganyiko kuliko wote, wanasoma historia yako nzima kuanzia kama kidato cha kwanza au cha pili, barua za walimu, insha, na vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa mzazi wakati wa kuchagua hata kwa wageni, na wakikuchukua wanaziba pengo la ada. Ila ugumu wake wa kuingia ni wa kufa mtu, na MIT na Harvard wamerudisha lazima ya mtihani wa SAT au mwenzake wa ACT, ambayo SAT yake kwa sisi wa nje inafanyika kwenye kompyuta tangu 2023. Wifi nilimweleza taratibu akasema basi asome tu kitu kingine. Nikamwambia wifi, mwenye kusoma ni yeye.

Sasa turudi kwenye bahasha maana njia yoyote utakayochagua karatasi ndo zinazowaumbua watu wa mchanganyiko.

Kwanza kuficha. Kuna mjuaji mmoja alimwambia kakangu ile IB ya miezi minne msiitaje, itachafua. Hapana jamani. Fomu ya UCAS inataka uandike kila ulichosoma, hata ambacho hujamaliza, na Marekani wanataka transkripti ya kila shule uliyopita. Ukificha wakaja kugundua hawakufelishi, wanakufuta. Mistari miwili inatosha, familia ilihama nchi, nilirudi kwenye A Level niliyokuwa nimeianza, basi. Tena afadhali sentensi hiyo aiandike mtu anayemtolea rejea, yaani ile barua ya mwalimu ya kumtambulisha, kuliko yeye mwenyewe kujitetea kwenye maelezo yake binafsi.

Na hiyo rejea ndo kisanga cha pili. Anayeomba akiwa shuleni mwalimu anaandika na anatabiri na matokeo. Wa kujitegemea nani atamuandikia? Ndugu haruhusiwi, kwa hiyo mimi shangazi na kemia yangu yote siwezi. Inabidi walimu wa Muscat. Ile shule ya kwanza wamejibu siku hiyo hiyo, ya pili tumeandika mara tatu kuomba ripoti ya Kiingereza yenye muhuri na mpaka leo kimya, mara mhusika yuko likizo, mara mfumo umebadilika. Ukiwa unahama nchi ondoka na kila kitu mkononi, nakala mbili mbili, zilizogongwa muhuri, kabla hujarudisha sare za shule.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwa watu wa mchanganyiko, asiombe Uingereza akiwa na matokeo ya kutabiriwa. Amalize, matokeo ya Cambridge ya Juni yatoke Agosti, ndo aombe akiwa nayo mkononi. Udaktari, na Oxford na Cambridge kwa kozi zote, mwisho ni tarehe 15 Oktoba, kwa hiyo kuna miezi miwili katikati, na UCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari Uingereza, anaifanya kipindi hicho hicho. Anapoteza mwaka, ndio, lakini hakuna atakayembishia kuhusu utabiri wa mwalimu ambaye hayupo. Hapa nyumbani hesabu ni tofauti, madirisha ya vyuo yanaanza karibu na matokeo ya kidato cha sita, kijana wa Cambridge anatokea Agosti akihema na bado ulinganifu wa NECTA, kwa hiyo fomu ya NECTA ya IGCSE aifanye sasa hivi, ya A Level aimalizie siku matokeo yanapotoka. Wa IB wao wanapata Julai mwanzoni, wamewazidi hapo.

Kwa hiyo tumekaa, baba, mama, kijana na mimi, sinia la mihogo katikati, tukachagua A Level. Yangekuwa masomo mengine ningesema vingine. Angekuwa hana AS kabisa na ana ufadhili, ningempeleka Moshi na IB yake akachukue uchumi wake kwa raha. Angekuwa mtoto wa miaka 15 mwenye IGCSE tu na hamu ya Muhimbili, PCB ya hapa hapa na tungelala. Lakini huyu ana nusu ya A Level imelipiwa, praktiko imeisha, fizikia bado imo, na ile miezi 13 bado haijaisha.

Kakangu kashatuma hela ya usajili Jumatatu. Kijana anakuja kwangu kila siku saa kumi na baisikeli ya babu yake, leo tumefanya pepa ya 5 ya kemia, kachora grafu nzuri akasahau kuandika vipimo kwenye mhimili, alama mbili zimekwenda. Wikiendi anaanza kujitolea hospitali ya Bombo. Ile ripoti ya Muscat bado.